Wiki moja Taizé, mwezi wa saba

Kinamama wenzangu wa kwaya wananiuliza tangu nirudi: ulikwenda wapi, mbona sura imetulia hivyo? Nimemjibu mmoja, nikamjibu wa pili, mwisho nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja. Wapo wanaotaka kwenda mwakani, na wanataka kujua habari za vitanda, chakula, gharama, na kama Mlutheri wa Machame, Kilimanjaro, atasali pale bila kujiona mgeni.

Taizé ni kijiji kidogo cha Ufaransa, eneo la Burgundy, juu ya kilima, kama kilomita 10 kutoka mji wa Cluny, na ndipo ilipo jumuiya ya mabradha, watawa wa kiume, wanaopokea watu wa kuja kusali nao. Nilifika Jumapili nikaondoka Jumapili iliyofuata.

Nianze na hali niliyokwenda nayo, maana sifa za mahali pa kupumzikia hutegemea na uchovu wa aliyekwenda. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Freiburg, kusini mwa Ujerumani, mwaka wa tisa sasa, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Likizo ndefu naipata kiangazi cha huku, mwezi wa saba au wa nane, wakati mwanga unakaa mpaka saa nne usiku. Wenzangu wa wodini huenda baharini. Mimi miaka yote nimekwenda nyumbani. Nyumbani ni raha, sitaki kusema vinginevyo. Lakini aliyewahi kufunga masanduku mawili ya kilo 23 yaliyojaa zawadi, akashuka uwanja wa ndege wa KIA akakuta kipaimara, sendofu na kikao cha ukoo vyote vimepangwa ndani ya wiki zake tatu, anajua kwamba unarudi kazini umewaona watu wako ila mwili unadai.

Mwaka huu sikuwa na nguvu hizo. Mwezi wa pili mama yangu alifariki. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimeisha muda, na maombi ya kukihuisha yalikuwa yamelala kwenye ofisi moja ya hapa. Ningetoka, nisingeweza kurudi. Mama akazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, Machame, mimi nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, simu nimeiegemeza kwenye kabati. Walipoanza kushusha jeneza picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa wanaweka mashada. Usiku ule ule nikaingia zamu.

Mwezi wa tano rafiki akanipeleka kwenye semina ya kiroho ya siku tatu, kwenye hoteli ya mji mmoja ambao sitautaja. Nia yao ilikuwa njema. Lakini tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukalala saa sita, wahubiri wakapokezana, vipaza sauti vikubwa kuliko ukumbi, na kila mtu akatakiwa asimame ashuhudie alichotendewa. Mimi sikuwa na cha kushuhudia. Nilikuwa na mama aliyezikwa nikimtazama kwenye kioo cha simu. Nilirudi sauti imekauka na kichwa kinauma, na pesa niliyolipa ingetosha nauli ya nusu ya safari ya nyumbani. Kwa hiyo mchungaji wetu aliposema vijana wa usharika wanakwenda Taizé kwa basi na kuna nafasi za watu wazima, nilikubali kwa sababu moja tu: aliniambia kule hakuna anayekuuliza kitu.

Jina lenyewe sikuwa mgeni nalo. Novemba 2008 jumuiya hii iliandaa mkutano mkubwa wa vijana Nairobi, na binamu yangu alipanda basi la Namanga akaenda. Alirudi na nyimbo fupi fupi, mistari miwili mitatu inayorudiwa mpaka inakuingia. Tukaziimba kwaya ya vijana mwaka mzima. Baadaye ndipo nikajua kwamba wana historia ndefu zaidi na kwetu: baadhi ya mabradha wao waliishi Mathare, Nairobi, katikati ya watu wa mabanda, na mwaka 1978 Bradha Roger, mwanzilishi mwenyewe, alikaa huko kwa muda.

Huyo Roger alikuwa Mswisi, mtoto wa mchungaji. Alifika Taizé mwaka 1940 kwa baiskeli kutoka Geneva, akiwa na miaka 25, Ufaransa imeshavamiwa. Bibi mmoja wa kijijini akamwomba abaki, kwa kuwa wako peke yao. Akanunua nyumba, akaanza kuwaficha wakimbizi, Wayahudi wakiwamo. Pasaka ya mwaka 1949 mabradha saba wa kwanza waliweka nadhiri. Leo ni jumuiya ya Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, kutoka nchi kama 30. Kanisa kubwa wanalosalia linaitwa Kanisa la Upatanisho, lilifunguliwa mwaka 1962, na waliolijenga ni vijana wa Kijerumani waliojitolea kama ishara ya kupatana baada ya vita. Nilisafiri na vijana 30 wa Kijerumani kwenda kusali kwa Wafaransa ndani ya kanisa lililojengwa na Wajerumani. Mmoja wao, kijana wa miaka 17, alinisimulia hayo ndani ya basi kwa sauti ya chini kama anayesimulia habari za babu yake.

Safari kwa basi letu ilichukua muda wa saa nne na kidogo. Asiye na kundi apande treni ya kasi mpaka Mâcon-Loché, kisha basi la kawaida linapanda mpaka kilimani. Hakuna ugumu.

Sasa vitanda. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vya dabo deka, wanawake sita, choo na bafu nje kwenye jengo la pamoja. Shuka au mfuko wa kulalia unakuja nao mwenyewe. Vijana wengi hulala kwenye mahema. Mchana jua lilifika nyuzi 33, lakini alfajiri kilima kile kina baridi, na mimi nilikuja na kanga mbili tu nikidhani kiangazi ni kiangazi. Usiku wa kwanza nilivaa soksi na sweta. Usiku wa pili Mjerumani wa kitanda cha juu alinishushia blanketi lake la ziada bila kusema neno. Njooni na blanketi.

Chakula ni kidogo na hakina mbwembwe, na hili niliseme wazi ili asije mtu akadhani amelipia hoteli. Asubuhi ni kipande cha mkate, siagi na vijiti viwili vya chokoleti. Wafaransa wanapasua mkate, wanapaka siagi, wanaisukuma chokoleti katikati, na nakuhakikishia baada ya siku mbili utakuwa unaingoja. Mchana na jioni ni sahani moja ya wali, dengu, tambi au viazi, tunda, biskuti. Unapewa kijiko kimoja kikubwa, uma na kisu hakuna. Kabla ya kupakuliwa, foleni yote inaimba. Viungo usitegemee.

Ila nataka nikae kidogo kwenye bakuli. Chai pale haina kikombe. Unapewa bakuli la plastiki lisilo na mkono, kama lile la uji wa mtoto, na humo ndimo unanywea chai asubuhi, maji mchana na kila kinachonyweka. Huwezi kulishika kwa mkono mmoja ukiwa na simu kwenye mkono wa pili. Lazima ulishike kwa mikono miwili, na kwa kuwa chai ni ya moto lazima uketi, ungoje, upulize. Asubuhi ya Jumatatu nilikaa kwenye benchi la mbao, bakuli kwenye viganja, mvuke unanipanda usoni, na nikatambua kwamba kwa miaka tisa chai yangu nimeinywa nimesimama, karibu na kengele za wagonjwa, nikiimalizia baridi. Nilikaa na bakuli lile dakika 20. Hakuna aliyeniita.

Kila mtu anapewa kazi. Wengine wanafagia kanisa, wengine wanasafisha vyoo, sisi tuliangukia vyombo vya chakula cha mchana. Kuna masinki makubwa, maji ya moto, aproni za plastiki, na mabakuli kwa mamia. Nilidhani nitachukia, kwa kuwa nimekuja kupumzika. Kumbe mikono ikipata kazi isiyo na lawama, kichwa kinapata nafasi. Hakuna mgonjwa wa kukufia ukikosea kuosha bakuli.

Na hapo kwenye sinki, siku ya Jumanne, nikasikia nyuma yangu mtu anaimba kwa Kiswahili. Nikageuka. Mama mtu mzima, kitenge kiunoni, anasuuza vijiko. Akaniangalia akacheka: "Dada, unatokaka wapi?" Alikuwa wa Bukavu, anaishi Ubelgiji zaidi ya miaka 20. Nikamwamkia shikamoo, akafurahi kama aliyepewa zawadi, akasema kwao hiyo haitumikagi sana lakini anaipenda. Kuanzia hapo tuliosha pamoja kila siku. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, Kiswahili chake kinapinda huku na changu kule, na tulielewana mpaka tukawa tunamalizia maneno ya mwenzako. Nilipomwambia habari za mama yangu na simu, hakuniombea papo hapo wala hakunipa mstari wa kunituliza. Aliweka kijiko chini, akanishika mkono ukiwa bado na povu, akasema, "Pole, mwanangu. Na mimi wangu nilimukosa vile vile, barabara zilikuwa zimefungwa." Tukaendelea kuosha.

Asubuhi baada ya sala bradha mmoja anafundisha Biblia, kama saa nzima, kisha mnagawanyika vikundi vidogo na maswali mawili matatu. Wiki yetu mada ilikuwa Eliya. Mafundisho yalikuwa mafupi, bila kupandisha sauti, yakitafsiriwa hapo hapo. Kisa tunakijua tangu shule ya Jumapili: nabii amechoka, amekaa chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Bradha akatuonyesha jambo ambalo sikuwahi kulitulizia macho. Malaika hakumhubiria Eliya. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, ndipo safari ikaanza. Nimewaona wagonjwa wengi wakihubiriwa kabla hawajanywa maji, na nilipolisikia hilo nilijua ni kweli kwa akili ya kazi yangu pia.

Sala ni mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kengele zikilia kila kitu kinasimama. Ndani ya kanisa hakuna mabenchi, unakaa chini kwenye zulia, na viti vya ukutani vipo kwa wenye magoti mabovu. Mabradha wanaingia na kanzu nyeupe, wanapiga magoti katikati, katika safu iliyozungushiwa mimea ya kijani. Mbele kuna vitambaa vya rangi ya machungwa vimepanda mpaka juu kama matanga ya jahazi, na mishumaa mingi. Hakuna mahubiri. Nyimbo zinaimbwa kwa Kilatini, Kijerumani, Kihispania, Kipolandi, mstari mmoja ukirudiwa tena na tena. Somo fupi. Kisha kimya.

Kimya hicho ndicho nilichokifuata bila kujua. Kinakaa kama dakika nane au kumi, watu maelfu wameketi sakafuni, na unasikia mtoto akikohoa upande wa pili wa kanisa. Siku ya kwanza kichwa changu kilifanya hesabu: ada ya mpwa wangu, dawa za chumba namba 12, nguo nilizoacha kwenye mashine. Siku ya pili hivyo hivyo. Niliona aibu, nikamwambia sista mmoja wa Mtakatifu Andrea, hao wanaoishi kijiji cha jirani na kusaidia kupokea wageni. Akaniambia niziache hesabu zipite, nisipigane nazo.

Jumatano mchana, katikati ya kimya, niliona vidole vya mama yangu. Vidole tu. Alikuwa anamenya ndizi za mtori na kisu chake kile kilichoisha mpini, na ule utomvu wa ndizi umekauka kwenye ncha za vidole, mweusi, usiotoka hata kwa sabuni. Tulikuwa tunamtania kwamba hata akienda kushiriki meza ya Bwana anakwenda na ndizi mikononi. Nilivitazama vidole vile mpaka wimbo ulipoanza tena. Nililia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, kilio cha taratibu, na jirani yangu, msichana wa Kipolandi, alisogeza pakiti yake ya tishu mpaka kwenye goti langu bila kugeuza kichwa.

Ijumaa jioni, baada ya sala, msalaba wa mbao wenye picha ya Kristo unalazwa sakafuni. Mwenye kutaka anakwenda kwa magoti, anaweka paji la uso juu ya mbao, anaacha pale mzigo wake, anampisha mwingine. Foleni ilikuwa ndefu. Nilifika karibu saa sita usiku. Mbao ilikuwa na joto la mapaji ya watu walionitangulia. Sikutamka sala ya maana, nilisema tu, "Mama, sikuja." Kisha nikakaa. Nilipoinuka, mama wa Bukavu alikuwa bado kwenye foleni nyuma yangu, macho amefumba.

Jumamosi inageuka Pasaka: kila mtu anapewa mshumaa mdogo, watoto wanaleta moto, na kanisa zima linawaka taratibu kutoka mbele kwenda nyuma.

Kuna mambo mengine mawili nisiyaache. La kwanza, bustani ya chini ya kilima wanayoiita chemchemi ya Mtakatifu Étienne, yenye bwawa na miti, ambako watu hunyamaza. Mchana wa joto nilikuwa nakwenda huko na Agano Jipya langu na sandozi mkononi. Neno la Yesu kwa mitume wake, "mkapumzike kidogo", Marko 6, nimelisoma mara nyingi sana. Pale nililisoma polepole nikaona kwamba alisema hivyo kwa sababu hawakuwa na nafasi hata ya kula. La pili, kanisa la zamani la kijiji, dogo, la mawe, lenye giza jema. Nje yake kuna kaburi la Bradha Roger, msalaba wa mbao na maua basi. Aliuawa Agosti 16, 2005, akiwa na miaka 90, ndani ya sala ya jioni, mbele ya waumini. Jumuiya iliendelea kusali mara tatu kwa siku, na mpaka leo baada ya sala ya jioni mabradha hubaki kanisani kumsikiliza yeyote anayetaka kuzungumza. Nilizungumza na mmoja kwa Kijerumani. Alisikiliza zaidi ya alivyosema.

Nani asiende? Mwenye mgongo mbovu anayehitaji godoro zuri na choo chake, atateseka. Anayependa mahubiri ya nguvu na maombi ya kupaza sauti atakiona kimya kile kirefu. Anayetafuta usingizi mtupu ajue kwamba wiki za kiangazi zina vijana maelfu, na jioni kwenye kibanda cha vinywaji kinachoitwa Oyak wanaimba na kucheza mpaka usiku, ingawa baadaye panatulia kabisa. Wanaotaka ukimya wa wiki nzima hupangiwa nyumba zao. Wenye watoto wadogo wana sehemu yao, Olinda, na wazazi niliowaona walikuwa na nyuso za watu waliolala.

Gharama ni mchango unaopangwa kulingana na umri na nchi unayotoka, na kwa anayelipwa mshahara wa Ulaya ni mdogo. Mabradha hawapokei sadaka kwa ajili yao wenyewe, wanaishi kwa kazi za mikono. Wana karakana ya ufinyanzi. Nilinunua bakuli moja la udongo, la bluu, lisilo na mkono, na ndilo ninalonywea chai nikitoka zamu.

Watu wazima wanatakiwa kujisajili mapema, kwa kuwa kiangazi nafasi zao ni chache, basi msingoje mwezi wa sita. Mimi nimeshaomba likizo ya wiki ile ile ya mwakani. Mama wa Bukavu naye amejiandikisha, na amenitumia ujumbe kwamba atakuja na chupa ya pilipili ya kwao, mimi nije na blanketi mbili.